Jalidi ya Mwisho wa Mei

Mwaka 2015 nilikuwa kibarua kwenye shamba la nafaka mashariki mwa Saskatchewan, Kanada, upande wa Yorkton. Mwenye shamba nilimwita Mzee, akazoea. Hadi katikati ya Mei tulikuwa tumeshapanda ngano na karibu kanola yote, zao linalolimwa kwa mbegu zake za mafuta. Mbegu ya kanola ni chotara, haihifadhiwi kutoka mavuno yaliyopita. Kila mwaka inanunuliwa upya na bei yake ni kali. Ukijumlisha mbolea na dizeli, kufikia mwisho wa Mei fedha zote za mkulima ziko chini ya udongo na deni liko benki.

Siku moja mwishoni mwa Mei redio ilikuwa imetabiri baridi. Jioni upepo ukatulia na mawingu yakaondoka. Mimi nimekulia Njombe, na dalili hizo nazijua, maana ndivyo viazi vyetu vinavyoungua Juni na Julai. Anga likiwa wazi na upepo umelala, joto la ardhi hupaa lote, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kujikusanya mabondeni. Bustani ya viazi unaweza kuiwahi kwa nyasi ukafunika. Kule shamba linapotelea machoni, na hakuna wa kulifunika. Usiku kucha taa ya jikoni kwa Mzee haikuzimika.

Saa kumi na moja alfajiri kulishapambazuka. Bondeni kulikuwa kweupe kabisa kwa jalidi, ile barafu nyembamba inayotanda juu ya majani. Jua lilipopanda ule weupe ukayeyuka, na kanola ikaonekana ilivyo: majani yamelegea na kuiva rangi, kama mchicha uliotoka sufuriani. Mzee akapiga magoti, akang'oa mche mmoja, akaupasua kwa kisu cha mfukoni na kunionyesha kijicho kilichobanwa katikati ya yale majani mawili ya kwanza. Uhai wote wa mche mchanga wa kanola uko hapo, juu ya ardhi, hauna pa kujificha. Tukavuka kwenda kwenye ngano. Nayo ncha zilikuwa zimeungua, lakini hakuinama hata mara moja. Ngano ikiwa changa hivyo, jicho lake la kuchipulia bado liko chini ya udongo.

"Hii itarudi," alisema. "Ile ya bondeni ndiyo inayonitia hofu."

Nilitegemea tungepakia mbegu siku ileile. Akakataa. Mche uliokufa na uliozirai, alisema, siku ya kwanza huwezi kuitofautisha. Usubiri siku nne au tano uone kama kijicho kinarudisha kijani. Sijawahi kuona subira inayomla mtu namna ile. Simu haikunyamaza. Majirani walikuwa wameshaanza kupanda upya, na wauza mbegu walisema aina zinazokomaa mapema zinakaribia kwisha. Bima ya mazao ilitaka kila kitu kiwe ardhini kufikia 20 Juni. Juu ya hayo, vile vidudu vyeusi virukavyo vilikuwa vinatafuna miche iliyojeruhiwa. Kila jioni Mzee aliingia shambani peke yake, na mkewe akanikataza kumfuata.

Siku ya kuhesabu ilipofika tulitembea na fremu ya mbao ya mita moja kila upande, tukiitupa hapa na pale, nikichambua miche mmoja mmoja: shina gumu na kijicho kibichi, hai, shina lililonywea na kukatika mguso wa kwanza, maiti. Mlimani tulipata miche hai 30 na zaidi kila tulipotupa fremu, na Mzee akashusha pumzi. Kanola ikipata nafasi hutanua matawi ikaziba mapengo, hivyo hata miche 20 iliyopandwa Mei aliona ni bora kuliko shamba lililojaa la Juni. Bondeni, kwenye kipande cha ekari 160, mara nyingi fremu ilianguka pasipo na kitu. Kile tulikipanda upya, kwa mbegu ya muda mfupi, iliyobaki dukani.

Wiki zile zilizopotea ndizo nilizoziona tena Septemba. Jalidi ya vuli ilikikuta kile kipande cha bondeni punje hazijakomaa, na jalidi ikiua mmea mapema hivyo, ukijani hubaki umefungiwa ndani ya punje usitoke tena. Kwenye ghala la mnunuzi walijaza punje 100 kwenye vishimo vya kadi, wakazinasa kwa utepe, wakazisaga kwa rola, kisha wakahesabu zenye ndani ya kijani. Daraja la kwanza haliruhusu zaidi ya 2 kwa 100. Zetu zilikuwa 9, yaani daraja la tatu, na bei ikashuka papo hapo.

Mzee hakubishana. Aliomba wapime na ya mlimani, ambayo nilikuwa nimebeba kwenye mfuko, na humo hakukuwa na hata punje moja ya kijani. Akapiga hesabu nyuma ya risiti, akaniambia nigeuze lori: tungerudi nyumbani tuichanganye ile ya bondeni na ya mlimani, kidogo kidogo, lori baada ya lori, mpaka yote ipite.