Visanduku kwenye kijitabu cha Kimaasai: nilivyovimaliza

Mchapaji alinipigia saa nne asubuhi: "Dada, njoo uone, herufi zako zimegeuka visanduku." Nikaacha kazi, nikashuka hadi dukani kwake hapa Arusha mjini. Kweli. Kijitabu chetu cha hadithi za watoto, Kiswahili kushoto na Kimaasai kulia, kilikuwa kimeharibika kila penye ɛ, ɔ, ɨ na ʉ. Iliniuma sana. Wazee waliotusimulia walikaa nasi jioni nyingi wakitusahihisha irabu moja moja.

Kwenye kompyuta yangu hapakuwa na shida, maana fonti, yaani faili lenye maumbo ya herufi, imo humo. Lakini fonti ile, niliyoinakili zamani kwa rafiki, ina alama ndani yake inayoiambia programu kama ni ruhusa kuipachika kwenye hati. Yangu ilikataza. Programu ikatii, ikatoa PDF bila fonti, na mashine ya mchapaji ikachukua nyingine isiyo na herufi hizo. Nilishauriwa niifute alama hiyo, nikakataa. Ni jasho la mtu.

Nikahamia Andika, fonti ya SIL, shirika linaloshughulikia lugha. Jina lake ni neno letu hilihili, na imechorwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma: a na g zake ni kama zile za ubaoni. Leseni yake ni OFL (Open Font License, leseni huria ya fonti), toleo la 1.1 la mwaka 2007. Niliisoma yote, ni fupi. Unaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuipachika. Huruhusiwi kuiuza peke yake, na ukiigawa, leseni iandamane nayo. Kilichonituliza zaidi ni kwamba hati iliyoandikwa kwa fonti hiyo haifungwi na leseni. Hadithi zinabaki za wenyewe, na kijitabu tunaweza kukiuza.

Safari hii nilihakiki kabla ya kwenda. Kwenye sifa za PDF, orodha ya fonti, jina la Andika lilitanguliwa na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha: yaani zimepachikwa herufi zile tu zilizotumika. Mwalimu wetu wa Monduli alitaka kuendelea kuhariri, na kwake hizo hazitoshi, hivyo nikamwekea kwenye flashi fonti nzima pamoja na faili la leseni.

Mchapaji alipotoa nakala ya kwanza, ikiwa bado na joto la mashine, nilitafuta ɨ. Ilikuwepo, na kistari chake katikati.