Nilivyompandisha mkurugenzi ndege

Kazi yangu ya kwanza ya malipo baada ya kuvua magwanda niliipata kwa sababu ya bima. Kampuni ya bima iliitaka hospitali moja binafsi ithibitishe kwamba mpango wake wa dharura umewahi kufanyiwa zoezi, na mkurugenzi akatafuta mtu wa kutia saini. Wala hakuificha nia yake. “Afande, mpango tunao,” aliniambia, akinisogezea jalada nene. “Wewe tupe cheti tu.”

Hiyo kazi niliihitaji sana. Ofisi yangu wakati huo ilikuwa simu, kompyuta mpakato na kadi za biashara nilizozigawa hata harusini. Kila niliyemfuata alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza habari za vita, kisha kimya. Mwanajeshi mstaafu watu wako radhi kumpa geti alinde. Kumlipa kwa ushauri ni jambo jingine. Hata hivyo, cheti bila zoezi nilikataa. Tukakubaliana tufanye zoezi la mezani: hakuna king'ora wala kukimbizana, mimi nasoma tukio, wao wanasema wangefanya nini. Niliomba wasikae wakuu peke yao. Nikamtaka muuguzi wa zamu ya usiku, fundi na mlinzi.

Nikasoma: saa nane usiku, moto umeanza chumba cha kufulia, moshi unapanda kuelekea wodi ya wagonjwa mahututi.

Mkurugenzi hakusubiri. Angeita zimamoto, angeamuru wagonjwa wahamishwe, angezungumza na waandishi wa habari. Kila nililouliza alijibu yeye, na majibu yalikuwa mazuri, yametoka jaladani moja kwa moja. Wengine waliitikia kwa vichwa. Vikao vya namna hiyo nimevikaa sana jeshini. Mkubwa akishasema, mpango hauna kasoro tena.

“Mkurugenzi,” nikamwambia, “wewe uko kwenye ndege. Simu umezima. Utatua kesho mchana.”

Alicheka. Nilipomwomba asogeze kiti nyuma, kicheko kilikatika, lakini alisogea.

Nikawageukia waliobaki: moshi umeingia wodini, nani anafunga vali ya oksijeni?

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelibeba tangu nyumbani. Ukiiacha vali wazi, oksijeni inauchochea moto. Ukiifunga, wagonjwa wanaoitegemea wanaikosa papo hapo, kwa hiyo lazima kwanza wawekewe mitungi midogo ya kubebwa. Ni uamuzi wa dakika chache. Matroni akamtazama daktari mkuu. Daktari akamtazama mkurugenzi kwa mazoea, kisha akakumbuka yuko angani.

Aliyesema alikuwa muuguzi wa usiku. “Afande, saa nane mimi ndiye ninayekuwepo. Hiyo vali sijawahi kuonyeshwa.”

Fundi akasema iko ukutani, nje ya mlango wa wodi. Akanyamaza kidogo. “Ila siku hizi pale pana kabati.”

Nikasimamisha zoezi, tukapanda wote. Lilikuwa kabati la chuma la mashuka, limejaa, limebanwa ukutani. Fundi na mlinzi walilivuta likikwaruza sakafu, na nyuma yake kikatokea kisanduku chenye kifuniko cha plastiki kilichofifia kwa vumbi. Vali ilikuwa humo. Muuguzi alifuta vumbi kwa kiganja, akasoma kibao, akauliza mpini unageuzwa upande gani. Fundi akamwonyesha. Akaomba aonyeshwe tena.

Tuliporudi mezani niliwaeleza kidogo habari za California mwaka 1970, moto wa misitu ulipowakuta wazimamoto wa idara mbalimbali, kila idara na amri zake na redio zisizosikilizana. Baada ya hapo ndipo ulipobuniwa mfumo wa uongozi wa matukio ambao sasa unatumika hata hospitalini. Kwa mfumo huo, mwenye uwezo aliyefika mwanzo ndiye anayeongoza, mpaka amkabidhi mwingine rasmi. Watu hushangaa kulisikia hilo kwa mwanajeshi, kana kwamba sisi tuliishi kwa nyota za mabegani tu. Luteni akianguka, sajenti anachukua amri, na hakuna anayesubiri barua ya uteuzi.

“Sasa naruhusiwa kutua?” mkurugenzi aliuliza kutoka nyuma. Watu walicheka, safari hii naye akiwemo.

Ripoti yangu haikumfurahisha, kwa kuwa kabati niliwapigia picha nikaiweka ukurasa wa kwanza, na cheti nilikiambatanisha na orodha ya marekebisho. Malipo yalichelewa mno. Aliyenipigia simu baadaye alikuwa matroni: alitaka zoezi jingine, la usiku wa manane, mkurugenzi asijulishwe. Nikamwambia hapana, huyo tutamjulisha, maana ndiye anayesaini hundi.