Sinia 26 na Chetezo cha Ubani

Bosi aliuliza nani atasimamia sherehe ya kufunga mwaka, nami wakati huohuo nikapiga chafya. Desemba 2020, korona ikiwa imetanda, chafya haikuwa jambo dogo. Watu wote waligeuka kunitazama, na kabla sijafuta pua kamati ilikuwa imeshaundwa. Kamati ni mimi.

Ofisi yetu iko Shimanzi, Mombasa, tunatoa mizigo ya watu bandarini. Tulikuwa 26, Waislamu na Wakristo, kwa hiyo hufunga mwaka na Krismasi kwa pilau moja, na Idi hukaa baraza moja. Wengi walitaka mwaka huo tupumzike tu. Nilikataa, kwa sababu ya yaliyotupata mwezi wa Mei.

Idi ya Mei iliangukia Jumapili tarehe 24. Mji wa Kale ulikuwa umefungwa tangu tarehe 6, na wenzetu watano wanakaa humo, hawatoki, hatuingii. Misikiti imefungwa, kila mtu kaswali kwake, na kafyu ni saa moja jioni. Kijana mmoja wa ofisini akasema tukutane kwenye Zoom saa nne asubuhi. Sote tukaona ana akili.

Mhasibu hakuzima maikrofoni, tukamsikia mkewe akiuliza yule mwanamke anayecheka ni nani. Dada wa mapokezi alituonyesha dari. Mzee wetu wa lori, ambaye simu kwake ni kitu cha kuweka sikioni, aliiweka sikioni. Nusu saa nzima kwenye kioo tuna sikio, limejaa, na vinyweleo vyake. Nilipiga kelele, "Mzee, itoe sikioni, uitazame!" Akajibu, "Nakusikia vizuri, mwanangu, endelea." Zoom ya bure hukata baada ya dakika 40. Bosi alianza dua dakika ya 38. Wengine tulibaki na mikono juu, hatujui tuseme amina au tuishushe.

Jioni Mzee akanipigia. "Hiyo ndiyo Idi? Mbona kaimati sikuiona?" Neno hilo lilinikaa.

Basi Desemba nikasema watu wataonana kwa macho, ila kwa akili. Na hapo ndipo washauri walipofumuka. Mmoja aliniletea habari za kujifukiza na malimao. Mwingine, mtu mkubwa kunizidi, alishauri tukodishe ukumbi wa hoteli, milango ifungwe, kiyoyozi kiwashwe, na mlangoni asimame mtu wa kupima joto. Ukumbi huo bei yake ingekula bajeti yetu yote na ya mwaka unaofuata. Lakini kilichoniudhi si bei. Ugonjwa unasafiri kwa pumzi, na sisi tunajifungia chumbani tuvute pumzi za wenzetu kwa saa nne! Tena mwenye korona huweza kuambukiza kabla hajahisi hata homa. Kile kipima joto tulikuwa nacho getini kwetu. Siku moja nilitembea juani kutoka feri, nikapigwa nacho, kikasema 39. Nikasimama chini ya mkungu dakika kumi, kikasema 36. Nilipona haraka kuliko mtu yeyote Mombasa.

Ua wetu wa nyuma ndio niliouchagua. Una huo mkungu mkubwa, na Desemba kaskazi inavuma vizuri. Meza nilizipanga kwanza kati ya kontena mbili, kwa kuwa kuna kivuli tangu asubuhi. Nikajipongeza. Bahati nzuri nilikuwa nimeazima chetezo cha mama ili pawe na harufu ya sherehe, nikatia ubani siku moja kabla, kujaribu. Moshi ukapanda, ukafika usawa wa uso, ukakaa. Ukakaa kabisa, kama mgeni asiyejua kuaga. Nikafikiri: ubani ukikaa hapa, na pumzi ya mhasibu itakaa hapa. Nikabeba chetezo, nikazunguka nacho ua mzima kama mganga. Askari wa getini akaniuliza nani karogwa. Chini ya mkungu, upande wa ukuta mfupi, moshi haukupata hata nafasi ya kujikunja, ulikokotwa moja kwa moja kuelekea reli. Meza zikahamia huko. Viti nikaviweka safu moja moja, upepo uwapige watu ubavuni, asiwepo wa kupokea pumzi ya mwenzake usoni.

Watu sikuwaita pamoja. Tulikuwa tayari tunafanya kazi kwa zamu mbili, basi kila zamu ikala na zamu yake. Mnaopumuliana kila siku mpumuliane na siku hiyo. Wa kwanza saa tano, wa pili saa nane. Saa kumi na moja kila mtu awe ameshatoka, maana kafyu ilikuwa saa nne usiku lakini wa Likoni wana foleni ya feri, na matatu ya abiria 14 ilikuwa ikipakia wanane. Asiyejua kungoja matatu siku hizo hajui kungoja.

Muziki ulikuwepo, chini chini. Kuna waliotaka spika kubwa. Muziki mkubwa unawafanya watu wasemeshane kwa kelele, na kelele zina mate. Walinuna.

Sasa kizaazaa, sinia. Pilau ya Pwani huliwa sinia moja, watu wanne au watano, mikono inakutana katikati. Nilipotaja vile visanduku vya karatasi ya fedha, Mzee wa lori alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, hicho ni chakula cha ndege. Mimi sijapanda ndege." Nikajua hatakuja, na asipokuja yeye wazee wote hawaji.

Nilizunguka Marikiti asubuhi nzima. Nikaona duka la vyombo lina visinia vidogo vya bati, vile vya kuandalia kahawa na halua, vina maua ya waridi katikati. Bei ilikuwa mia na kitu kimoja, nikapatana kwa wingi. Nikachukua 26. Nikapata na kawa ndogo za ukindu kwa mama mmoja nje ya soko. Siku yenyewe kila mtu akakuta sinia yake, pilau yake, kachumbari yake, ndizi yake, juu imefunikwa kawa. Aliyepakua ni mmoja tu, na barakoa hakuivua. Mzee alifunua, akatazama, akacheka hadi akashika mbavu. "Leo kila mtu bwana harusi!" Akala, akaongeza.

Wawili hawakuja: mama wa usafi ana sukari, na karani mmoja mkewe alikuwa mjamzito. Hao sinia zao ziliwafuata nyumbani, zimefunikwa vilevile, kama jirani anavyompelekea jirani. Sikuwabembeleza waje, na nilimkataza mtu yeyote kuwabembeleza.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nahesabu vikohozi. Kijana wa Zoom alipata mafua, nikakosa usingizi siku tatu hadi majibu yake yakatoka, hana kitu. Kama tulisalimika, labda ni kaskazi, labda ni bahati tu.

Bosi alifurahi, kisha akaulizia vyombo ili vihifadhiwe kwa Idi. Nikaenda stoo kuhesabu. Sinia zilizorudi ni 11. Kawa, hata moja. Na juzi nilipopita kwa Mzee kumjulia hali, kahawa aliniletea juu ya kisinia cha bati, maua ya waridi katikati, wala hakupepesa jicho.