Mzee wa AltaVista na kompyuta zangu nane

Mwaka 2002 nilikuwa na madaraka makubwa bila kujijua. Nilikuwa mhudumu wa kafe ya intaneti pale Ngamiani, Tanga. Kompyuta nane, feni mbili, na laini moja ya simu iliyogawiwa mashine zote, kama wali kidogo kwenye sinia la wageni wengi. Nusu saa shilingi 500. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kufagia, kuwasha mashine na kuhakikisha kila moja inafunguka vizuri. Inafungukia ukurasa gani, hilo nilikuwa naamua mwenyewe. Bosi hakuwa na habari nalo, yeye na daftari lake la mapato tu.

Nilianza na Yahoo. Wengi walikuja kwa ajili ya barua pepe, na siku zile kwetu barua pepe jina lake lilikuwa Yahoo. "Mwanangu, nifungulie Yahoo," maana yake mama huyo anataka kusoma barua ya mtoto wake aliyeko Muscat. Shida ni kwamba ukurasa wenyewe ulikuwa mzito: habari, hali ya hewa, matangazo yanayorukaruka, na huku dakika za mteja zinayoyoma. Picha inashuka mstari kwa mstari. Ikifika saa ya kulipa, ugomvi. "Nilipe nusu saa, nimetumia dakika ngapi?" Siku moja nikachoka, nikazibadilisha mashine zote zifungukie Google. Ukurasa mweupe, kisanduku kimoja, basi. Sikuwa nimepima nani anatafuta vizuri kuliko mwenzake. Nilitaka amani kaunta.

Katika wateja wote alilalamika mmoja tu. Mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, umri wake wote ameumalizia kwenye mashamba ya mkonge. Jumanne na Ijumaa, baada ya alasiri, alikuwa anakaa mashine namba 5, kwa sababu hiyo ilikuwa bado inafungukia AltaVista, mtambo wa kutafuta uliovuma kabla ya Google. Aliyeiweka ni mhudumu aliyenitangulia, na mimi sikuwa nimejishughulisha kuitoa. Mzee yule alijua kuitumia kwelikweli. Neno analolitaka lazima liwepo analitangulizia alama ya kujumlisha, asilolitaka alama ya kutoa. Hadi leo naikumbuka moja: +sisal +weevil -rope. Aliniita nisimame nyuma yake nione wauza kamba wote wanavyotoweka kwenye majibu, wanabaki wadudu wake.

Ijumaa ya kwanza baada ya mimi kubadilisha mashine akaja, akakaa, akatazama kioo, akavua miwani.

"We kijana, AltaVista yangu umeipeleka wapi?"

"Shikamoo mzee. Nimeweka hii, ni nyepesi zaidi."

"Marahaba. Nani kakwambia mimi nataka nyepesi?"

Nikamwandikia anwani kwenye kipande cha karatasi ya risiti. Akakikunja mara nne, akakitia mfuko wa shati, na kuanzia siku hiyo kila akija alikitoa, akakilaza kando ya kibodi, akaiandika anwani kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Kafe ile walipita mamia ya watu. Sikumwona mwingine aliyefanya hivyo.

Nilimkumbuka Agosti 2024, jaji Amit Mehta wa Washington alipoamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, katika kesi ambayo serikali ya Marekani iliifungua Oktoba 2020. Hukumu ina kurasa zaidi ya 270. Niliisoma vipande vipande kwenye daladala, na kilichonitoa jasho ni hesabu za malipo. Mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa wenye vivinjari (programu za kufungulia intaneti), watengeneza simu na kampuni za mitandao ya simu, ili mtu akifungua tu akutane nayo. Apple peke yake, mwaka 2022, ilipata kama bilioni 20. Kumbe kuna watu wanalipwa kwa kazi niliyoifanya mimi bure, tena na kufagia juu!

Asilimia anayopata Apple ilikuwa siri. Ulimi hauna mfupa, lakini: Novemba 2023 shahidi wa upande wa Google wenyewe, profesa wa uchumi Kevin Murphy, aliropoka mahakamani kuwa ni 36 kwa kila mia ya mapato ya matangazo ya utafutaji kwenye Safari, kivinjari cha Apple. Kesho yake bosi mkuu wa Google, Sundar Pichai, akakiri kuwa ndivyo.

Kuna atakayeniambia watu wanaitumia Google kwa sababu ni nzuri. Ni nzuri, na jaji naye hakubisha. Lakini soma habari ya Edge. Kwa hesabu za hukumu hiyo, kwa ujumla kule Marekani Bing, mtambo wa kutafuta wa Microsoft, iliambulia kama asilimia 6 ya utafutaji. Ukiingia ndani ya Edge, kivinjari cha Microsoft ambacho Bing imo tangu kinapofunguliwa, asilimia 80 ya utafutaji ulipita Bing. Sidhani kama kwa Edge wamejazana akina mzee wangu. Hapo kuna mhudumu tu aliyeamua mashine zifungukie wapi.

Ila haki isemwe, kuwekwa mbele peke yake hakutoshi. Mwaka 2014 Firefox, kivinjari cha Mozilla, kule Marekani iliiweka Yahoo, wengi wakahangaika kwenye mipangilio kuirudisha Google, na 2017 Mozilla ikavunja ndoa hiyo.

Yahoo ndiyo inayoniuma zaidi, labda kwa sababu niliwahi kuwa nayo kwenye mashine zangu. Mwaka 2000, ikiwa na watu tele, iliikabidhi Google kazi ya kutafuta. Kwa miaka minne maswali ya wateja wa Yahoo yalikwenda kumfundisha mpinzani. Ilipozinduka ikanunua Inktomi, kampuni yenye mtambo wa kutafuta, ikanunua Overture, kampuni ya matangazo iliyokuwa imeshainunua AltaVista, 2004 ikarudi na mtambo wake. Mwaka 2009 ikautua tena mzigo, safari hii kwa Microsoft. AltaVista ilifungwa Julai 2013. Mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Wengine walikuja na kelele wakaondoka kimya. Mtambo wa kutafuta wa Cuil ulizinduliwa Julai 2008 na watu waliotoka Google wenyewe, ukajitapa kuwa na kurasa bilioni 120, na 2010 ukazima taa. DuckDuckGo ipo na inaheshimika, lakini sehemu kubwa ya majibu yake inatoka Bing. Na hapo ndipo penye mtego: mtambo wa kutafuta unajifunza kwa maswali ya watu, na kwa mujibu wa hukumu Google inapata maswali mara tisa ya wapinzani wake wote wakiunganishwa. Kwenye simu ni mara 19. Mama lishe mwenye wateja mia anajua kesho apike nini. Mwenye watatu anakisia.

Septemba 2025 jaji akatoa amri zake. Google haitalazimishwa kuuza Chrome, kivinjari chake. Mikataba ya kumzuia mtu asiweke mwingine, marufuku, na baadhi ya takwimu zake igawie washindani. Kulipa ili uwekwe mbele bado ruksa. Hapo nikaizima simu nikashuka kituo kisicho changu.

Mwezi uliopita nikaamua kuhama. Nikabadilisha mtambo wa kutafuta kwenye simu yangu, na mke wangu akaniruhusu nibadilishe na ya kwake. Jina la nilikohamia nalihifadhi. Siku ya kwanza niliandika "aina za paa" nikitafuta mabati ya banda la kuku, nikaletewa swala na digidigi. Si kosa lake, Kiswahili chetu chenyewe hakikusaidia. Siku ya tisa nilirudi Google bila kumwambia mtu.

Mke wangu yuko kulekule, wiki ya tano sasa. Jana tulikuwa tunabishana juu ya dawa ya mchwa, akachukua simu, akaandika, akasoma kimya kidogo. "Haya, nimegugo," akasema. "Wewe ndiye umekosea."