Mwezi Ulipungukiwa Ukubwa

Karibu kila aliyesoma shule ya msingi nchini analifahamu jedwali lile la tofauti: Dunia ina hewa, Mwezi hauna, Dunia ina bahari, Mwezi hauna, Dunia ina viumbe hai, Mwezi hauna. Yote hayo ni kweli, lakini jedwali hilo huliacha kando swali lenye uzito zaidi, nalo ni kwa nini magimba mawili yaliyo jirani, yanayopokea mwanga wa Jua lile lile kutoka umbali unaokaribiana sana, yametofautiana kiasi hicho. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya jibu imo katika ukubwa, kwa sababu tukiyatazama mawe yenyewe tunakuta kwamba haya ni magimba ya ukoo mmoja.

Kati ya mwaka 1969 na 1972, wanaanga wa safari za Marekani za Apollo walirudi na kilo 382 za mawe na udongo wa Mwezi. Wataalamu walipopima aina za oksijeni zilizofungwa ndani ya mawe hayo, walikuta uwiano wake unakaribia kabisa kulingana na ule wa mawe ya Dunia, ilhali mawe yaliyotoka Mirihi yana uwiano tofauti. Ndiyo maana nadharia inayokubalika zaidi leo inasema kwamba, takribani miaka bilioni 4.5 iliyopita, gimba lenye ukubwa unaokaribia wa Mirihi liliigonga Dunia changa, na vifusi vilivyorushwa angani vikakusanyika vikawa Mwezi. Hata yale madoa meusi tunayoyaona usiku wa mbalamwezi ni tambarare za basalti, mwamba wa volkano ambao hata Ngorongoro upo. Jambo moja kubwa linavunja ufanano huo: Mwezi una chuma kidogo, hivyo ni mwepesi zaidi kwa ujazo ule ule. Sentimita moja ya ujazo ya Dunia ina wastani wa gramu 5.5, na ya Mwezi gramu 3.3, pengine kwa kuwa mgongano ule ulirusha zaidi tabaka za juu na kuacha chuma kingi katika kiini cha Dunia.

Kipenyo cha Dunia ni kilomita 12,742 na cha Mwezi ni kilomita 3,474, yaani zaidi kidogo ya robo. Tofauti hiyo ilitosha kuamua mambo mengi. Kama vile chai ya kikombe inavyopoa kabla ya ile iliyobaki kwenye sufuria, Mwezi ulipoteza joto lake la ndani mapema, na volkano zake zikazimika zamani sana. Nguvu yake ya uvutano, ambayo ni moja ya sita ya ile ya Dunia, haikuweza kuzuia gesi zisitoroke. Bila angahewa ya kusambaza joto, mchana wa huko kwenye ikweta hufikia nyuzi 120 za Selsiasi, na usiku hushuka chini ya nyuzi 130 hasi. Bila mvua wala upepo, mashimo yaliyochimbwa na vimondo hudumu mabilioni ya miaka. Dunia nayo imegongwa mara nyingi, ila hufuta makovu yake: kimondo cha Mbozi tunacho, lakini shimo lililotokana na kuanguka kwake halionekani.

Kuhusu mwanga, yote mawili ni waazimaji wa Jua. Mwezi hurudisha takribani asilimia 12 ya mwanga unaoupata na Dunia asilimia 30, hivyo anayetazama kutoka Mwezini angeiona Dunia iking'aa kuliko sisi tunavyouona Mwezi. Wanaotafuta mwezi mwandamo huku pwani wameushuhudia mwanga huo bila shaka, kwani ule weupe hafifu unaojaza sehemu yenye giza kando ya hilali umetoka Duniani.

Licha ya umbali wa wastani wa kilomita 384,400, magimba haya hayajaachana: Mwezi huivuta bahari yetu, na maji yakajaa na kupwa. Wavuvi wa Feri na Msasani hupanga safari zao kwa kufuata bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na maji mafu, ambapo hujaa na kupwa kidogo, na hapa Dar es Salaam tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huweza kuzidi mita 3. Jua nalo huvuta bahari, ila athari yake haifiki nusu ya ile ya Mwezi. Mvutano huo una gharama kwa pande zote mbili. Dunia ilipunguza kasi ya Mwezi kujizungusha mpaka ukabaki umetuelekezea uso mmoja, na Mwezi kwa upande wake unaendelea kuipunguza kasi Dunia, huku wenyewe ukisogea mbali kwa takribani sentimita 3.8 kila mwaka. Kipimo hicho hupatikana kwa kurusha miale ya leza kwenye vioo vilivyoachwa huko na wanaanga wa Apollo 11, 14 na 15, kisha kuhesabu muda ambao mwanga unatumia kwenda na kurudi, ambao ni sekunde 2.5 hivi.