Komunyo ya Kwanza imekaribia, shule nzima haikaliki

Jamani wiki hizi shuleni kwa watoto ni pilikapilika tupu, maana darasa la wadogo wanajiandaa na Komunyo ya Kwanza, yaani kupokea Ekaristi kwa mara ya kwanza kwetu Wakatoliki, na kila mzazi ukikutana naye getini anaongelea gauni jeupe na suti, kana kwamba tunaoza mtu.

Mazoezi yenyewe ndo raha. Sista anawapanga foleni na hostia, vile vimkate vyembamba vya misa, ambazo hazijawekwa wakfu, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, unasema "Amina", unakula hapohapo. Kuna kamoja kalipewa kakaigeuzageuza kama sarafu kisha kakauliza kwa sauti, "mbona haina ladha?" Sista mwenyewe alishindwa kujizuia, akageukia ukutani mabega yanatikisika.

Kuna wazazi wanalalamika eti watoto bado wadogo. Sasa hili suala lilishaamuliwa zamani na Papa Pius X, mwaka 1910 alitoa agizo kwamba mtoto akianza kutumia akili, yaani kwenye miaka 7 hivi, apokee, kabla ya hapo wengi walisubiri mpaka miaka 10 au 12 na zaidi. Mimi niko upande wa Papa kabisa, hawa wa kwangu kwa maswali wanayouliza nyumbani akili zimeanza muda mrefu tu.

Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri, kinatangulia lakini, na hapo ndo wanaogopa, wengine wanaandika dhambi kwenye karatasi wasisahau, wa kwangu kaja kuniomba nimuongezee chache.

Kwaya nayo bado inatafuta sauti za chini, kina baba mnaitwa.