Hapa si mkono wangu

Juzi mwanangu alifungua kabati, akaitoa kofia ya Babu kwenye mfuko wake, akajifunika nayo uso.

"Mama, nakuona," akasema. "Nakuona kwa hivi vitundu."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini.

Babu alikuwa akifanya vivyo hivyo. Mwaka ule wa mwisho kabla ya kambi ya macho, mtu akipita barazani kwetu mtaa wa Langoni, Lamu, na kutoa salamu, Babu hakuitika papo hapo. Aliinua kwanza kofia aliyokuwa akiishona, akaileta karibu na jicho la kulia kama fundi anayekagua kazi, kisha ndipo aitike, na kwa jina la mtu. Watu waliona ni mazoea ya mshona kofia. Mimi nilijua kwamba anawatafuta kupitia vile vitundu vilivyozungushiwa uzi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu, mwalimu alitugawia vibao vyeusi vyenye kitundu cha milimita moja na kidogo. Mgonjwa akiona vizuri zaidi kupitia hapo, akatueleza, mara nyingi ni kwa sababu kitundu kinauchuja mwanga uliotawanyika, basi miwani huenda ikamfaa. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa, nikatoka nje, nikasimama ukutani mpaka macho yakakauka.

Sindano zilikuwa 12. Kila siku baada ya alfajiri, kabla sijaenda chuo cha Kurani na kabla ya shule, nilikaa naye nikazitungia uzi moja moja, nikazichoma kwa safu kwenye kipande cha sponji. Nilikuwa na miaka 11. Ncha ya uzi unailowesha mdomoni, unaibana kwa kucha, unaisukuma kwenye tundu la sindano bila kupumua. Yeye alikaa ananisikiliza tu. Nikimaliza ya kumi na mbili alisema, "Ahsante, mwanangu. Hili letu sisi wawili." Mama aliamini baba yake ana macho ya utu uzima tu, ile hali ya kila mtu kuanza kusogeza msahafu mbali akipita miaka 40. Alimnunulia miwani ya kusomea sokoni. Babu alishukuru, akaitia mfuko wa kanzu.

Halafu kazi yenyewe ikaanza kuharibika. Mishono ikatoka nje ya mchoro, vitundu vikawa na midomo iliyopinda. Kofia moja ya mkono humla fundi miezi, na mwenye kuagiza analipa kwa kuwa anajua mkono gani umeishona. Sikuweza kuvumilia aaibike. Usiku, darini, kwa tochi, nilifumua mishono iliyokwenda kombo nikaishona upya. Alikuwa amenifundisha mwenyewe tangu nina miaka saba, kwa hiyo nilijua anavyovuta uzi. Asubuhi alipapasa kwa kidole gumba, akanyamaza, akaendelea.

Tulivyogunduliwa nitakueleza haraka. Punda aliyebeba mawe alipita upande wake wa kushoto kwenye kichochoro, mwenye punda akapiga kelele, Babu hakusogea hata kidogo. Aliangushwa. Mama akaanza kuuliza maswali, mimi nikalia, na bahati nzuri wiki chache baadaye ikaja kambi ya macho hospitalini. Tulipanga foleni tangu asubuhi. Kwenye chati ya herufi E alitakiwa aoneshe kwa mkono inakoelekea: yuu, tini, kuume, kushoto. Hakuiona hata ile kubwa ya juu kabisa. Wakamhesabisha vidole.

Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho. La kushoto, daktari alilimulika kwa muda mrefu, akapima, akarudia kupima. Presha ya macho. Akamweleza Mama polepole, naye alikuwa mtu wa maneno machache. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu. Inatolewa, inawekwa nyingine, mtu anaona. Presha ya macho inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, inaanzia pembeni, haiumi, na jicho zima linamfichia mwenzake mpaka mwenyewe asijue. Kilichokwenda hakirudi, kwa kisu wala kwa dawa. Kilichobaki ndicho kinachotetewa kwa matone ya kila siku.

"Angeletwa mapema," akasema, "tungelinda kitu."

Hakunitazama mimi alipolisema. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikitunga sindano.

Siku ya pili baada ya kupasuliwa jicho la kulia tulikuta wazee wamekaa kwenye benchi refu, kila mmoja na jicho lake limefunikwa. Muuguzi alianzia mwanzo wa benchi. Babu alikuwa wa tano. Nilisimama mbele yake, nikahesabu plasta zilizobanduliwa kabla ya yake. Ilipofika zamu, muuguzi alimwambia, "Mzee, usifumbue mpaka nikuambie." Akabandua taratibu, akafuta kope kwa pamba iliyoloweshwa, kutoka puani kwenda nje, mara mbili. Kope zilikuwa zimegandana. "Haya, sasa."

Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Hakunitazama mimi wala Mama. Alitazama ukuta.

"Ukuta huu mumeupaka chokaa yana?"

Muuguzi akacheka, akasema ukuta uko hivyo siku zote. Sasa najua kwamba lenzi iliyozeeka huingia rangi ya chai, ikitolewa nyeupe inarudi kuwa nyeupe. Siku ile niliona tu uso wa mtu anayetazama ukuta mtupu kana kwamba umeandikwa kitu.

"Vidole vingapi?"

"Tatu." Kisha, "Moya." Kisha akachoka na vidole. Akavua kofia aliyoivaa, ndiyo ya mwisho aliyoimaliza, akaingiza mkono mfukoni akatoa ile miwani ya sokoni, akaivaa kwa uangalifu juu ya jicho lililotoka kufunguliwa. Akasogea dirishani. Akaizungusha kofia kidogo kidogo, kidole gumba kikitangulia na jicho likifuata.

"Hapa si mkono wangu," akasema.

Nikatazama miguu yangu.

"Na hapa." Akazungusha. "Na hapa pia si mimi."

Mama alinigeukia. Babu aliimaliza kofia mzunguko mzima, akaivaa tena, akaiweka sawa kichwani. Hakusema zaidi. Tulipotoka kurudi mjini alinishika bega, akaniweka upande wake wa kushoto, tukatembea hivyo kufuata bahari mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo huko ndiko nilikokuwa nikitembea naye, mpaka alipofariki.

Aliendelea kushona kwa jicho moja na miwani. Sindano alizitunga mwenyewe. Nilipokuja likizo kutoka chuoni nilimsimulia habari ya Harold Ridley, daktari wa London aliyeona kwamba vipande vya plastiki ya ndege za vita vilivyobaki machoni mwa marubani haviliudhi jicho, na mwaka 1949 akamtilia mgonjwa lenzi ya kwanza ya plastiki. Babu alisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza, "Na wale marubani, walipona?" Sikuwa na jibu.

Presha ya macho hufuata damu, kwa hiyo mimi na ndugu zangu tunapimwa kila mwaka. Kliniki namwambia kila anayemsindikiza mzazi amfunike jicho moja, amuulize anaona nini, kisha amfunike la pili. Juzi nilimfanyia hivyo mwanangu pale pale mbele ya kabati. Alidhani ni mchezo.

"Babu alikukasirikia?" akaniuliza, nilipomaliza kumsimulia.

"Sijui. Hakusema."

"Basi nioneshe mishono yako ni ipi."

Nikaichukua kofia nikaenda nayo dirishani. Nikavaa miwani. Niliizungusha yote, kitundu kwa kitundu, nikarudia tena kutoka mwanzo, na sikuweza kuipata.